Kupamba nyumba msimu wa majani kupukutika: ukili wa maganda ya mahindi, merikani na vitu vya kale

#1 Mleta uzi (Lowell, Massachusetts)

Habari za humu ndani wakuu.

Jana usiku nilimaliza shada la mlangoni. Halina ua la plastiki hata moja. Ni maganda ya mahindi niliyoyasuka ukili, kama bibi yangu alivyokuwa akisuka ukindu barazani kule Pangani. Ukili huo nimeuzungusha kwenye duara la mzabibu mwitu, kisha nikaufunga kwa kipande cha merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, nilichokitia rangi kwa maganda ya vitunguu. Asubuhi jirani yangu, mama mtu mzima wa miaka themanini na kitu, alisimama na fimbo yake akaniuliza nimelinunua duka gani. Nilipomwambia nimelisuka mwenyewe, aliingia ndani, akakaa, akataka nimwonyeshe. Ndipo nikasema hili nalileta kwenu, maana tuko wengi huku kwenye baridi. Kila ikifika Septemba maduka yanajaa maboga ya plastiki, tunanunua, na ikifika Desemba tunayatupa.

Kwa ambao hamjaishi huku: mwishoni mwa Septemba miti huanza kubadilika, na kwetu hapa katikati ya Oktoba ndipo rangi hukolea. Siku zinapofupika mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na umanjano uliokuwa umefunikwa siku zote ndio unaobaki ukionekana. Wekundu wa mti wa mepo ni habari nyingine. Huo hutengenezwa siku hizo hizo za mwisho kutokana na sukari iliyokwama ndani ya jani. Kwa hiyo mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huwa mwekundu kuliko mwaka wa mawingu. Mara ya kwanza kuona mlima mzima umewaka hivyo nililia, na sioni haya kusema.

Nianze na majani, maana hayo ni bure na yako miguuni.

Jani ukiliweka tu mezani, baada ya siku mbili limejikunja kama tumbaku. Nimejaribu njia tatu. Ya kwanza ni kuyapanga katikati ya kurasa za kitabu kizito kwa wiki mbili. Yanakauka bapa na rangi inabaki, ila yanavunjika upesi. Ya pili ni gliserini, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji, majani yazame humo siku kadhaa. Yanabaki laini kabisa, unaweza kuyakunja, lakini rangi inaelekea hudhurungi. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: nta ya nyuki. Weka nta kwenye kikopo, kikopo ukikalishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiyeyushe moja kwa moja juu ya jiko kwa sababu nta hushika moto. Shika jani kwa kikonyo, lichovye, likung'ute, litundike kwenye kamba. Nta ikiganda inalifungia jani rangi yake, na nyumba inanukia asali. Ya kwangu ya mwaka juzi yangali mekundu.

Sasa onyo, na hili lisomeni vizuri. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliona mmea unaotambaa kwenye ukuta wa mawe, majani yake mekundu yanang'aa kuliko yote. Nikachuma mkono mzima. Kesho yake mikono imevimba malengelenge hadi kwenye kiwiko, na wiki mbili sikuweza kuvaa glovu za kazini. Wenyeji wanauita poizoni-aivi. Majani yake hukaa matatu matatu, la katikati lina kikonyo kirefu kuliko ya pembeni. Mafuta yake hubaki kwenye nguo na kwenye mkasi. Hata majani yakishadondoka, mti wenyewe bado unababua. Na msiuchome kamwe, moshi wake unaumiza mapafu.

Nalisema hili pia kwa sababu ya duara la shada. Duara zuri hutokana na mzabibu mwitu, unaokatwa majani yakishaanguka, ukazungushwa mara nne au tano na kufungwa kwa wenyewe. Lakini poizoni-aivi nayo hupanda miti ile ile. Tofauti iko kwenye gome: mzabibu gome lake linabanduka kwa vipande virefu, poizoni-aivi ina vinyweleo vingi kama kamba ya katani iliyochakaa. Ukiona nywele, ondoa mkono.

Kuna mmea mwingine wa vitunda vya rangi ya chungwa ndani ya maganda ya njano. Watu wengi huutundika milangoni. Ule wa kutoka Asia umevamia misitu ya huku, unanyonga miti, na Massachusetts imepiga marufuku kuuuza. Ndege wakila vitunda vya shada lako wanakwenda kuupanda mahali pengine. Mimi nimeuacha.

Nitaendelea na ukili, ngoja nitoke zamu.

#2 Mdau (Dodoma)

Dada, uzi mzuri. Swali dogo: hii ndiyo wanayoiita vuli kwenye vitabu? Maana kwetu vuli ni mvua.

#3 Mleta uzi

Ndiyo kaka, kwenye kamusi na vitabu vya shule utakuta vuli imetumika hivyo. Lakini mimi mtoto wa Tanga, vuli kwangu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, udongo unanukia na watu wanapanda. Huku miezi hiyo hiyo kila kitu kinalala. Mdomo wangu unakataa kuita vitu viwili vinavyopingana kwa jina moja, ndiyo maana nasema msimu wa majani kupukutika.

Haya, ukili.

Maganda ya mahindi huku hupatikana kwa njia mbili. Wakati wa mavuno wakulima wanauza mahindi makavu ya rangi, mekundu, ya zambarau, meusi, punje zimechanganyika, na maganda yake mengine yana michirizi ya zambarau. Hayo ndiyo mazuri. Au nenda maduka ya Wameksiko, wanauza maganda makavu kwenye mifuko kwa ajili ya kufungia tamale, chakula chao cha unga wa mahindi, makubwa na safi.

Yaloweke maji ya uvuguvugu robo saa hadi yalegee. Yachane kwa urefu, upana wa kidole kimoja. Yafunike kwa kitambaa kibichi wakati wote unaposuka, kwa sababu yakikauka yanakatika mkononi. Funga matatu kichwani, anza. Ukishazoea ongeza yawe matano. Kwa shada la kawaida nasuka kama mita nne, kisha nakunja na kushona ukingo kwa ukingo, kama tunavyoshona mkeka.

Shida yangu moja, na naomba mwenye ujuzi anisaidie: ganda la hindi ni fupi mno kuliko ukindu. Kila baada ya shubiri moja naunga, na sehemu za kuunga zinajitokeza kama mafundo. Nimezifunika kwa majani ya nta, lakini mimi mwenyewe najua ziko pale.

Na hii kazi ya maganda si ngeni huku. Haudenosaunee, wenyeji wa asili wa upande wa New York, tangu zamani wanasuka mikeka ya maganda ya mahindi, na wanatengeneza wanasesere wa maganda wasio na uso. Nilipoiona kwenye jumba la makumbusho nilisimama muda mrefu. Mkono ule ni mkono wa bibi yangu.

#4 Mdau (Ujerumani)

Shemeji zangu huku Oktoba wanatoka na watoto kuokota mbegu za chestinati, zile za kahawia zinazong'aa. Wanazitoboa, wanachomeka njiti za meno, wanatengeneza farasi na watu. Hizi haziliwi, ni sumu kidogo, lakini kwa kuchezea ni nzuri sana. Na tarehe 11 Novemba watoto wanatembea na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, siku ya Mtakatifu Martin. Mwanangu mwaka huu taa yake tuliibandika majani makavu pande zote. Ilipowashwa, mishipa ya jani yote ikaonekana.

#5 Mleta uzi

Hiyo ya taa nimeipenda, nitaijaribu kwenye chupa. Ila kwa mbegu za kuokota, zote, msiziingize ndani kabla ya kuzipitisha kwenye oveni. Koni za misonobari nazitandaza kwenye sinia yenye karatasi ya foili, joto kama nyuzi 90 za selsiasi, nusu saa. Wadudu wanakufa, utomvu unayeyuka na kuzifanya zing'ae. Mbegu za mwaloni zina funza ndani, hizo ziache saa moja na nusu. Usiondoke jikoni.

#6 Mdau

Samahani dada, si hayo mapambo ndiyo ya ile sikukuu yao ya mafuvu na mizimu? Sisi waumini tunaruhusiwa kweli?

#7 Mleta uzi

Swali lako ni la haki na nalijibu kwa heshima. Mafuvu siweki, utandabui wa bandia siweki, na mwanangu anajua sababu. Jani la mepo ameliumba Mungu, hindi ni chakula, boga ni chakula. Nyumba yangu naipamba tangu Septemba hadi ile Alhamisi ya nne ya Novemba wanapofanya sikukuu yao ya kushukuru, na siku hiyo sisi hapa mezani tunakuwa na wali wa nazi na samaki, tunashukuru kwa lugha yetu. Boga silichongi. Boga zima likikaa mahali pakavu na baridi linadumu miezi, ukilichonga halimalizi wiki nzuri. Halafu mimi nalila! Mbegu nakaanga, majani yake nikiyapata kwa mkulima napika na karanga. Nje wekeni moja tu, kindi watakula.

#8 Mdau (Nairobi)

Umetaja merikani. Huku kwetu wazee wanaiita amerikani. Umeipata wapi huko, na ni kweli jina lilitoka Marekani?

#9 Mleta uzi

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, ahsante mkuu.

Kila mwaka kuna gulio kubwa la vitu vya kale kwenye mji mdogo wa Brimfield, hapa hapa Massachusetts. Lilianza 1959, na hufanyika mara tatu kwa mwaka: Mei, Julai na Septemba. Ni mashamba kwa mashamba, mahema kando ya barabara, watu wametandaza fremu, mabakuli, mashine za kushonea, makabati. Mimi naenda la Septemba na bajeti ya dola 40, sizidishi.

Mwaka jana mzee mmoja alikuwa na boksi la bobini za mbao, zile ndefu za mashine za viwandani, nyingine zingali na uzi. Chini ya boksi kulikuwa na jora la kitambaa kizito cha pamba, hakijapaushwa, rangi ya maziwa yaliyochemka. Nilipokigusa nikasema kwa sauti, "Merikani." Yule mzee akaniuliza nimesema nini.

Nikamweleza, na ninyi nawaeleza. Mji huu ninaoishi ulisajiliwa 1826 kwa ajili ya viwanda vya nguo, maji ya mto Merrimack yanazungusha mashine. Majengo ya Boott, yaliyoanza 1835, leo ni makumbusho, na mashine za kufuma bado wanaziwasha, kelele yake unaisikia kifuani. Nguo za viwanda vya Massachusetts zilisafirishwa na wafanyabiashara wa Salem hadi Unguja. Marekani na Sayyid Said walitiliana mkataba wa biashara 1833, na 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Nguo ile ikapewa jina la kwao, merikani. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipia hongo, yaani ushuru wa njiani, na chakula kwa merikani iliyopimwa kwa mikono, ilikuwa fedha. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Jina likabaki midomoni mwetu.

Na hatuwezi kulisema hili bila kusema lingine: pamba iliyofumwa hapa ililimwa na watumwa wa kusini. Na meli za Salem hazikurudi tupu. Zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi, sandarusi ikasafishwa hapo Salem na kuwa vanishi. Ukiona kabati la kale la New England linang'aa, yawezekana utomvu ule umechimbwa mrima kwetu.

Meza ya tatu kutoka kwa yule mzee kulikuwa na bakuli la vibao vyeupe vyembamba, urefu wa kidole. Mwanamke akaniambia ni vya kubandika kwenye fremu za picha, vinapendeza na majani makavu. Vilikuwa vibao vya vinanda vya kale, pembe halisi. Jimbo la jirani, Connecticut, kuna mji unaoitwa Ivoryton, maana yake mji wa pembe, na pembe nyingi za Unguja ziliishia huko na Deep River kukatwa vibao vya piano. Nilikishika kimoja. Kilikuwa baridi, chepesi mno. Nikafikiria ndovu yule, na mtu aliyebeba pembe ile kichwani hadi pwani. Nikakirudisha. Tangu 2016 serikali ya Marekani imebana sana biashara ya pembe, hata za kale, lakini hata ingeruhusiwa nisingeweza kuitundika ukutani kwangu. Nawaambia ili mkikutana nayo mjue ni nini.

Jora nilinunua dola 15, bobini sita dola 12.

#10 Mdau (Nairobi)

Nimesoma mara mbili. Bobini umezifanyia nini?

#11 Mleta uzi

Zimesimama mezani kama vinara, tundu la juu limechomekwa bua la ngano na jani moja. Basi. Sizipaki rangi, mafuta ya mikono ya waliofanya kazi yamezing'arisha tayari.

Merikani nimeitengenezea maboga ya nguo. Kata duara la sentimita 40, piga bandi ukingo mzima kwa uzi imara, vuta kidogo iwe kama mfuko. Weka ngumi moja ya mchele chini ili likae imara, kisha jaza makapi ya nguo, kaza, funga. Sasa sindano ndefu na uzi mnene: toboa kutoka chini katikati hadi juu, zungusha nje, rudi chini, vuta. Ukifanya mara sita au nane linagawanyika mapande kama boga lenyewe. Kikonyo ni kijiti cha kweli.

Rangi: maganda makavu ya vitunguu maji, uzito sawa na wa nguo. Nguo kwanza uichemshe na shabu kidogo ili rangi ishike. Maganda chemsha saa moja, chuja, tia nguo, moto mdogo. Inatoka dhahabu hadi chungwa lililoiva. Manjano inatoa rangi kali zaidi lakini jua linaifuta. Chai ya rangi inatoa ukale tu.

Na machungwa mazima nayachomeka karafuu nzito nzito hadi yajae, nayafingirisha kwenye mdalasini wa unga, yanakauka taratibu kwenye kapu. Wazungu wenyewe wamefanya hivi karne nyingi. Karafuu zangu zinatoka Pemba, mdogo wangu hunitumia.

#12 Mdau (Arusha)

Sisi tusio na msimu huo?

#13 Mleta uzi

Mna vingi kunishinda! Koni za misonobari mnazo, Lushoto na Sao Hill zimejaa. Vibuyu mnavyo, na kibuyu asili yake ni Afrika, huku wanavinunua kwa bei. Maganda ya mahindi baada ya mavuno mnachoma moto. Makapu ya kale ya bibi zenu yako darini. Na miezi ya Oktoba na Novemba mijakaranda yenu inamwaga zambarau barabarani, huo nao ni msimu.

Kwa wanaonunua vitu vya kale popote: mbao yenye rangi inayobanduka, hasa ya Marekani ya kabla ya 1978, huenda rangi yake ina madini ya risasi. Usiikwangue, usiiweke mtoto anapofika. Vyombo vya udongo vya zamani weka majani, usiweke chakula. Chupa za kioo zenye maandishi ya hataza ya 1858 msidanganywe bei, tarehe hiyo ni ya hataza ya John Mason, na iliendelea kuandikwa kwenye chupa kwa miaka mingi sana baadaye. Na chochote cha kitambaa au sponji, kagueni kunguni kabla hakijavuka mlango. Vitambaa napitisha kwenye mashine ya kukaushia, joto la juu kabisa.

#14 Mdau (Tanga)

Dada, nimemsomea mama uzi wako wote. Yeye anasuka hadi leo. Anakusalimu, na anasema mafundo yako yanatokana na kuanza miyaa yote ikiwa na urefu mmoja, kwa hiyo yote inakwisha mahali pamoja. Anasema uanze na mmoja mrefu, mmoja wa kati, mmoja mfupi. Mpya uuchomeke chini ya unaokwisha kabla haujakwisha, usuke yote miwili pamoja mizunguko mitatu, halafu ncha ya zamani uikate upande wa chini. Usiunge miwili kwa mara moja.

#15 Mleta uzi

Shikamoo yake nyingi, mwambie nimempigia magoti. Bibi alinionyesha hilo nadhani, nilikuwa na miaka saba, nikawa naangalia kuku.

Nimeshalishusha shada mlangoni, nusu nimelifumua, maganda yako kwenye beseni yanaloweka. Jirani yangu amekuja na miwani yake, ameleta na kiti. Tunaanza wote wawili, mmoja mrefu, mmoja wa kati, mmoja mfupi. Nitawaletea picha Jumamosi.